Matanga Mbele ya Stoo ya Pamba

Vijana wa chama mlinifuata nyumbani Lumino wiki ile niliporudisha funguo za ofisi, mkaniomba niandike ilikuwaje mchagua pamba asiye na viatu akaingia baraza la jimbo enzi za Mwingereza, wakati hata wanaume wenye viatu walikuwa wanasimama nje wakisubiri kuitwa. Mlitaka niwaeleze siasa. Nitawaeleza pamba kwanza, maana bila pamba hamtaelewa kitu. Na mkifika mahali mkaona nasema mambo yasiyofundishwa kwenye semina zenu, msije kuniuliza kama nina uhakika. Nilikuwepo, na masikio yangu wakati huo yalikuwa mazima.

Nilianza kazi kwenye jineri moja nje ya Tororo, upande wa njia ya Kwapa. Jineri, kwa ninyi mliozaliwa juzi, ni kiwanda ambako pamba ya wakulima inatenganishwa na mbegu zake. Mume wangu alikuwa amefariki, na mwanangu Wandera ndiyo kwanza alikuwa anaota meno. Nilimwacha kwa mama, nikapanda kutoka Lumino nikiwa na kanga moja na ujasiri wa kuazima. Waliniweka stoo, pamoja na wanawake wenzangu, kuchagua. Pamba nyeupe inaitwa safi. Ile ya njano, iliyoliwa na wadudu au kunyeshewa, inaitwa fifi. Unaketi juu ya rundo, unachambua kwa vidole, fifi kwenye kikapu, safi unasukuma chini. Kazi yenyewe ni hiyo. Mtoto angeiweza, ila mtoto angekohoa mpaka afe.

Stoo ilikuwa kubwa kuliko kanisa lolote nililowahi kusali. Rundo lilipanda mpaka karibu na mabati, na hewa ilijaa nyuzi zinazoelea, hata mwangaza wa mlangoni ukawa kama umemwagiwa maziwa. Tulijifunga vitambaa puani. Tukitoka jioni, sote tulikuwa na nyusi za bibi kizee. Mikono tulipaka mafuta ya simsim, yaani ufuta, kwa sababu maganda makavu ya pamba yanachana ngozi polepole na hujui mpaka uoshe vyombo.

Lakini jambo la kwanza nililofundishwa halikuwa safi wala fifi. Nilifundishwa kuitika. Pamba inakula sauti. Mwenzako akiwa upande wa pili wa rundo, apige yowe la kuitia watu mwizi, wewe utaendelea kuchagua huku unawaza chakula cha jioni. Tena rundo lenyewe si la kuaminika. Wanaume wa mashine wanachota kutoka chini, sisi tuko juu, na katikati panajengeka shimo ambalo hakuna anayeliona. Kwa hiyo wanawake waliotutangulia walikuwa na utaratibu wao. Mmoja wetu alikuwa anazunguka rundo kutwa nzima akiita majina, na kila anayeitwa anajibu, "Nipo!" Asipojibu, anaitwa tena kwa karibu. Asipojibu hapo, kazi inasimama na wote tunaingia kumtafuta kwa mikono. Hakuna mzungu aliyetufundisha hilo, na ndiyo maana lilikuwa linafanya kazi.

Mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyakazi alikuwa Mzee Ramadhani, dereva wa lori la jineri, mtu wa familia za Waislamu wa pale Tororo mjini, mwenye kofia nyeupe na meno machache. Alinichagua mimi niwe msemaji wa wanawake. Sababu aliyonipa ni kwamba nina sauti. Sababu ya kweli ni kwamba wanawake walikuwa hawamsikilizi yeye. Alinifundisha kazi ndani ya lori lake, tukisubiri kupakiwa. "Mama Wandera," alikuwa ananiambia, "ukiingia kwa mzungu, salimia halafu nyamaza. Kimya nawasha wao kama upupu. Wao watasema ya kwao yote, wewe utachagua pa kushika." Na lingine: "Hiyo neno mgomo, weka mfukoni. Siku utatoa, iwe huna neno ingine." Nimekutana na mawakili tangu hapo, wenye majoho na vitabu. Hawakuniongezea mengi.

Msimu mmoja akaja meneja mpya. Kijana, mwekundu, mwenye haraka. Siku yake ya kwanza stooni alisimama mlangoni akasikia majina yanaitwa na watu wanaitika, akauliza ni ibada gani hiyo. Nyapara wetu, Ekirapa, Mteso kwa kabila, mwenyeji wa Kwapa, mtu mpole aliyeogopa kupoteza kazi kuliko alivyoogopa Mungu, akamweleza. Meneja akasema hapa ni kazini, si kanisani, na yule anayezunguka kuita akae chini achague pamba kama wenzake. Nilikwenda ofisini kwake. Nilisalimia, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Naye akanyamaza. Wapo wachache wa aina hiyo, muwe macho nao. Mwishowe nilisema mwenyewe, kwamba mtu atapotelea mle ndani. Akaniuliza mtu anapoteaje ndani ya jengo lenye mlango mmoja.

Athieno alikuwa binti wa Kirewa, Mjopadhola kwa kabila, mwembamba, mcheshi, kicheko chake kilikuwa kinafika mlangoni kabla yake. Kwa kuwa alikuwa mwepesi, yeye ndiye aliyepandishwa juu kabisa, karibu na mabati, mahali ambapo sisi wenye makalio tungezama. Siku hiyo rundo lilikuwa limejaa pomoni na mashine zilikuwa zinachota kwa nguvu. Mchana tulipotoka kula, kitambaa chake cha kichwa na viazi vyake vilivyofungwa kwenye jani la mgomba vilikuwa mlangoni pale alipoviacha. Yeye hakutoka. Nikamwambia Ekirapa asimamishe mashine. Akasema hana ruhusa. Nikarudi ndani nikaanza kuita, na wenzangu wakaita, mpaka askari wa lango wakatutoa.

Meneja alisema amevuka mpaka. Mnajua mpaka wa Busia ulivyokuwa: watu walikuwa wanavuka kwenda upande wa Kenya kama wanaokwenda kuazima chumvi. Polisi mmoja akasema kweli, ameona msichana mwembamba anavuka na mwanaume. Wasichana wembamba walikuwa wamejaa Busia, na wanaume pia. Kesi ikafungwa hivyo. Kuhamisha pamba yote ile ili tuangalie chini, meneja alisema haiwezekani, safi na fifi zitachanganyika, na mvua ikiipata nje imekwisha. Mashine zikaambiwa ziendelee kuchota upande wa pili.

Tukarudi kazini, kwa sababu njaa haijui msiba. Sikumbuki nani alianza. Nadhani ilikuwa desturi tu iliyotutoka midomoni: mmoja wetu alianza kuita majina kwa sauti ya chini, Ekirapa akajifanya hasikii. Nabwire. Nipo. Akello. Nipo. Akafika pale ambapo jina la Athieno lilikuwa linakaa, katikati, na ulimi wake ukalitamka kabla hajauzuia.

"Nipo."

Kila mmoja alidhani ni jirani yake. Tulitazamana. Ilikuwa sauti ya kawaida, kavu kidogo, ya mtu aliye na shughuli na hataki kusumbuliwa. Nilisema pamba inakula sauti. Hii haikuliwa. Nilikuwa nimeketi upande wa mashariki na niliisikia sikioni mwangu, na Akello aliyekuwa upande wa magharibi naye aliisikia sikioni mwake. Mashine zilikuwa zinanguruma nje na jua lilikuwa utosini. Tulirukia rundo, tukachimba kwa mikono na kucha, tukaita, naye akaitika, na kila tulipochimba palikuwa na pamba tu. Askari wakaja na fimbo. Jioni ile stoo ikafungwa kufuli.

Katekista alikuja kutusalia nje ya mlango. Tulipiga magoti kwenye vumbi, tukaanza litania ya watakatifu. Yeye anataja, sisi tunajibu utuombee. Katikati, alipokata kuvuta pumzi, ikaja kutoka ndani, "Nipo." Yule bwana alifunga kitabu chake akapanda baiskeli. Sikumlaumu. Na mimi ningekuwa na baiskeli ningeipanda.

Asubuhi iliyofuata hatukuingia. Tulikaa chini mbele ya mlango wa stoo, miguu imenyooshwa, viuno vimefungwa majani makavu ya mgomba, vichwa wazi. Bila pamba iliyochaguliwa wanaume wa mashine hawakuwa na cha kufanya, nao wakaja kukaa nyuma yetu. Mzee Ramadhani akapitisha lori lake polepole karibu na mimi, akainama dirishani. "Ile neno bado iko mfukoni?" Nikamwambia iko. "Iache huko huko."

Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikuja na askari na karatasi ya sheria inayosema mgomo bila notisi ni kosa. Akauliza nani kiongozi wa mgomo. Nilisimama nikasalimia.

"Hakuna mgomo, bwana DC," nilimwambia. "Tuna msiba. Kwetu sisi sote, Samia, Padhola, Teso, mtu akifa, jirani hagusi jembe mpaka azikwe."

"Amekufa nani?"

"Athieno wa Kirewa."

Akamgeukia meneja, meneja akasema hakuna maiti. Bwana DC akanigeukia tena. "Anasema hakuna maiti."

"Ndiyo hiyo tunayoisubiri," nikasema.

Alikunja karatasi yake. Alikuwa na sheria ya mgomo, hakuwa na sheria ya matanga. Akaondoka. Msifikiri nilikuwa nimepanga. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nina huzuni, na niliyosema yalikuwa kweli tupu. Lakini tangu siku hiyo watu walianza kusema Mama Wandera ana akili.

Meneja naye hakuwa mjinga. Karani wake mmoja alimweleza kwamba kwa watu wa huku, mtu akipotea na mwili usionekane, ukoo unazika shina la mgomba badala yake, na hapo matanga yanakwisha. Basi akapeleka Kirewa ng'ombe dume, bafta nyeupe, na shina la mgomba lililochongwa vizuri kwa urefu wa mtu. Baba mdogo wa Athieno alipokea. Sikumlaumu sana huyo pia. Watu wa ukoo walikuwa wamechoka kukaa chini, palizi inapita, na walikuwa wanaogopa.

Kabla ya maziko, mama yake Athieno alikuja jineri. Alitembea kutoka Kirewa peke yake, mwanamke mfupi, mkavu, Kiswahili chake cha sokoni. Alikaa chini kando yangu, akatazama lile kufuli.

"Wewe nasikia yeye?" akaniuliza.

"Namsikia, mama."

"Yeye naita, ama naitika?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. "Anaitika. Tukimtaja tu. Haiti mwenyewe."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mtu alikufa na yeye mwenyewe najua, yeye naita watu. Naita, naita, mpaka wao nachukua yeye nyumbani. Hii yangu naitika tu. Bado hajui. Bado nafikiri iko kazini." Kisha akalia, bila sauti, mkono umeziba mdomo. Nilimshika bega. Nilikuwa na mtoto nyumbani, nikawaza jina lake likiitwa mahali na yeye akiitika hivyo, bila kujua.

Nilikwenda Kirewa siku ya kuzika shina. Ilikuwa mchana mweupe, watu wengi, karani wa meneja ameketi kwenye kiti cha mbele na mwavuli. Kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri, udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Shina limevikwa bafta, limelazwa mkekani, na ukilitazama kwa pembe ya jicho lilikuwa mtu kabisa. Walipoinama kuliinua, mama yake akasimama akawaambia wangoje. Akapiga magoti karibu na kichwa, pale ambapo kingekuwa kichwa, akaita jina la mwanawe kama anavyomwita kutoka shambani.

Nawaambia kweli, tulikuwa tunangoja lijibu. Hata karani aliteremsha mwavuli. Upepo ulitulia. Kuku mmoja alipita, akakatiza kati ya miguu ya watu, akaondoka. Akaita mara ya pili. Kimya.

"Hii si yeye," mama akasema. Akainuka, akarudi kuketi mahali pake.

Hakuna mwanaume aliyethubutu kulishika lile shina tena. Waliliacha mkekani, na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuagana. Lakini kaburi lilibaki wazi, na hilo ndilo kosa ambalo meneja na karani wake hawakulifikiria. Huku kwetu kaburi likishachimbwa haliwezi kulala wazi. Linataka mtu. Watu wa Kirewa waliweka wazee wa kulikalia zamu kuanzia jua kuchomoza. Mbuzi waliacha kula nyasi za upande ule. Watu wa soko wakabadilisha njia. Mtoto wa chifu wa gombolola, yaani tarafa ile, alipata homa, na chifu, ambaye mpaka hapo alikuwa ametuita wanawake wa jineri wavivu, akapanda gari kwenda kwa bwana DC kumwambia kwamba maiti ya Athieno lazima itoke. Machifu wenzake wakamfuata. Kila mmoja alikuwa anawaza nyumba yake.

Habari ikapanda mpaka kwa PC, mkuu wa jimbo zima. Sasa, chama chetu kilikuwa kimeomba miaka mingi kwamba mtu wa wafanyakazi aingie baraza la jimbo, na kila mara tunajibiwa kwamba wakati haujafika. Ghafla wakati ukafika. Waliniita, wakanipa chai kwenye kikombe chenye maua, wakaniambia kiti kipo, na tena kwa mara ya kwanza kitakuwa cha mwanamke. Bwana PC akaongeza, kwa upole sana, kwamba mjumbe wa baraza angetarajiwa kuwashauri wenzake warudi kazini, na mambo ya stoo yasitajwe tena. Nilisema asante. Asante si ndiyo, lakini hawakuuliza.

Nilirudi kwa Mzee Ramadhani nikiwa na hasira. Nilimwambia wananinunua. Alikuwa anapiga pampu gurudumu la lori, hakuacha. "Chukua tu," akasema. "Hiyo kiti haina mdomo. Haiwezi kuambia wewe useme nini."

"Nao wanawake wakisema nimewauza?"

"Watasema. Halafu watakuona utafanya nini." Akaendelea na pampu yake.

Wengine walisema kweli. Akello hakunisalimia siku kadhaa. Tulikaa chini pamoja mbele ya mlango ule, bega kwa bega, yeye akitazama upande wa pili. Iliniuma. Hata leo ikinijia inaniuma.

Siku ya kikao cha kwanza niliingia na kanga ya msiba, kiuno kimefungwa lile jani kavu la mgomba, miguu peku. Ukumbi ulikuwa na viti vya ngozi safu mbili, machifu na wakubwa wengine upande huu na ule, bwana PC mbele na sare yake nyeupe na kofia yenye manyoya, mkalimani kando yake. Akanionyesha kiti changu. Nilikwenda mpaka mbele ya kile kiti, nikakigeuzia mgongo, nikaketi chini sakafuni, nikanyoosha miguu.

Bwana PC akamuuliza mkalimani kama naumwa. Nikamwambia mkalimani aseme kwamba mwanamke aliye matangani hakai kwenye kiti mpaka maiti izikwe, na kwamba nitafanya kazi yote ya baraza kutoka hapa chini, asiwe na wasiwasi. Sikusema lingine. Kimya kikaanza kuwasha.

Mnajua machifu wale. Wengi wao walikuwa hawanipendi, na wengi hawakunipenda mpaka kufa kwao. Lakini hakuna mtu wa nyumba zetu aliyelelewa anayeweza kukaa juu ya kiti akamtazama mfiwa utosini. Chifu wa gombolola ya Kirewa alivua kofia yake. Akashuka, akaketi sakafuni, na suruali yake iliyopigwa pasi. Mzee mmoja wa kutoka Kwapa akashuka, akishikilia magoti na kuguna. Wakafuata. Hawakufanya kwa ajili ya siasa, walifanya kwa kuwa miguu yao ilikataa kubaki pale juu. Mwishowe viti vyote vilikuwa vitupu ila kimoja, na bwana PC alikuwa anahutubia vichwa vyetu. Mkalimani naye alikuwa amechuchumaa, anatafsiri kwa kunong'ona.

Amri ya kufungua stoo ilitoka kabla ya chakula cha mchana.

Kesho yake pamba ilitolewa uwanjani kwenye maturubai, kiganja kwa kiganja. Meneja alitaka wanaume wa mashine na mapauro yao, tukakataa. Tuliingia sisi. Akello alikuja akasimama karibu yangu, akanipa kitambaa cha pua, na yakaisha. Mmoja wetu akazunguka akiita majina, na safari hii hakuna aliyekataza. Tulipofika kwenye jina la Athieno, likaitikiwa. Tukachimba. Rundo lilipokuwa linashuka, sauti nayo ilikuwa inapungua, si kwamba iko mbali, ila kama mtu aliye karibu sana ambaye hahitaji tena kupaza. Ekirapa alikuwa mlangoni analia waziwazi kama mtoto. Kisha tukaita, na hapakuwa na jibu, na wakati huohuo mkono wangu ukagusa kisigino.

Alikuwa amejikunja ubavu, mikono usoni. Mtaniuliza habari ya harufu. Na mimi niliuliza. Palikuwa na harufu ya mbegu za pamba tu, na ngozi yake ilikuwa kavu, nyuzi zimemshika kote. Tulipoigeuza sura yake tuliona mdomo umejaa pamba, imeshindiliwa mpaka kooni, ngumu. Daktari wa serikali alisema amekufa mchana uleule aliopotea, pumzi chache tu. Nilimuuliza basi nani alikuwa anaitika. Akaniuliza, "Anaitika wapi?" Nikaona hayo hayamhusu.

Mama yake hakumruhusu daktari kumgusa tena. Aliketi, akapakata kile kichwa, akaanza kutoa ile pamba kwa vidole, kidogo kidogo, na kila alichotoa alikiweka kwenye kitambaa cha binti yake. Hatukumsaidia. Haikuwa kazi yetu. Ilipokwisha, alimfuta midomo kwa pindo la nguo yake akasema kwa Kidhopadhola, lugha yao, maneno ambayo niliambiwa baadaye kwamba maana yake ni, twende, watu wanatungoja.

Tulimzika Kirewa siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, kwenye kaburi lilelile. Lilimtosha. Wiki iliyofuata wanawake walirudi stooni, meneja akahamishwa sijui wapi, na hoja yangu ya kwanza barazani ikawa kwamba katika kila jineri ya jimbo lazima awepo mtu wa kuzunguka rundo akiita majina, na asipewe kazi nyingine. Ilipita bila mjadala. Mengine niliyofanya barazani yameandikwa na watu wengine, kwa sifa zaidi kuliko ninavyostahili, na kwa sehemu fulani chini ya ninavyostahili.

Lakini kuna jambo moja la pale kaburini. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, mama yake alinivuta pembeni.

"Kazi yako kwa yeye imeisha?"

"Imeisha, mama."

"Basi usiite yeye tena. Hata kwa kulia. Hata kwa hadithi."

Nilimkubalia. Nilikaa baraza lile mpaka bendera ya Mwingereza iliposhuka, nikahutubia Busia, Tororo, Lumino, kila mahali watu wakitaka nimtaje yule aliyenipa kiti, na kila mahali nilisema yule binti wa stoo. Hata humu sikumtaja. Athieno ni jina la jirani yangu mmoja hapa Lumino, mzima wa afya, aliyenikubalia nilitumie. Lile jingine sijalitamka tangu Kirewa, wala sijaliandika, wala kunong'ona nikiwa peke yangu. Wapo wanaoniambia naogopa bure, kwamba yuko kwao, amelala. Labda. Sijataka kujua kama bado ataitika.